Safu ya tatu

Kaunas, Lithuania, Jumapili, 22 Septemba

Shoga yangu Mwalimu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wanao na mzee wa nyumbani. Mimi huku sijambo, ila baridi imeshaanza kupiga hodi na kila asubuhi madirisha ya chumba changu yanatoka jasho. Iliki na mdalasini ulizompa yule binti azilete zimefika salama. Juzi kutwa nyumba ilinukia pilau, na bibi mwenye nyumba alikuja jikoni mara mbili kwa kisingizio cha kutafuta miwani, na miwani iko puani.

Uliniandikia kwamba wanafunzi wako wa kidato cha kwanza wanakariri misamiati ya Kiingereza kama kasuku, wanapata ishirini kwa ishirini, halafu ukiwaambia watunge sentensi moja wanatazama dari. Nilicheka peke yangu ndani ya basi hadi mzee mmoja akahama kiti. Nilicheka kwa sababu wiki hiyo hiyo nami nilikuwa kasuku. Mjukuu wa bibi, ana miaka kumi na mmoja, alikuja na karatasi kutoka shuleni: maneno arobaini ya mjini na mashambani, kushoto Kiingereza, kulia Kilithuania, mtihani Ijumaa. Bibi hajui Kiingereza, alisoma Kirusi. Basi nikaitwa mimi. Mtoto ananiita teta, yaani shangazi, sasa shangazi atakataaje?

Tukakubaliana hivi: mimi nataja la Kiingereza, yeye anajibu la Kilithuania, halafu tunageuza, yeye anataja la kwao na mimi natafuta la Kiingereza. Yeye anapata mtihani wake, mimi napata lugha ya nchi ninayoishi mwaka wa pili sasa nikiwa bado naagiza mkate kwa kidole. Jioni ya pili akachukua rula, akapiga mstari upande wa kulia wa karatasi, akasema, "Na sasa ya kwako." Ndiyo ikawa safu ya tatu, ya Kiswahili. Nikadhani ni kazi ya dakika kumi.

Tulikwama kwenye neno la kwanza. "City" na "town", kwa Kilithuania yote mawili karatasi imeyapa miestas. Mtoto akaniuliza tofauti yake. Nikamwambia moja ni kubwa kuliko jingine. Kubwa kiasi gani? Nikakohoa. Nikahamia Kiswahili haraka, nikaandika jiji, nikaandika mji, na pale kwenye "village", ambayo kwao ni kaimas, nikaandika kijiji. Akayatazama yale matatu, akaweka kidole kwenye kila ji, akasema, "Teta, hili ni neno moja!" Wallahi, Mwalimu, mimi nimezaliwa Muheza, Kiswahili nimenyonya, lakini sijawahi kukaa nikaona kwamba kijiji ni mji uliopewa ki- ukapungua, na jiji ni mji uliovimba. Wao wana kupunguza tu: miestas ukinywea unakuwa miestelis, mji mdogo. Lakini hata upunguze vipi, miestas haufiki kuwa kaimas. Kijiji kwao ni mbegu nyingine kabisa. Kwetu ni ukoo mmoja, mkubwa na mdogo.

Maneno ya mjini tuliyamaliza upesi, maana mengi yanajieleza. Reli ni geležinkelis: geležis ni chuma, kelias ni njia, basi. Uwanja wa ndege ni oro uostas, bandari ya hewa, na hilo nimelipenda kuliko letu, ingawa mimi na wewe tuliokulia karibu na bandari ya Tanga tunajua bandari bila harufu ya samaki haijakamilika. Stendi ni stotis, na kituo kidogo cha kupandia basi barabarani ni stotelė, yote kutoka stoti, kusimama. Mji mkuu ni sostinė, kutoka sostas, kiti cha enzi. Hapo bibi aliyekuwa akimenya viazi akaingilia kati, kwa sababu mtu wa Kaunas hawezi kusikia sostinė akanyamaza. Miaka ile kati ya vita viwili vya dunia, Vilnius, mji mkuu wao wa sasa, ikiwa mikononi mwa Poland, kiti kilikuwa hapa. Wanaita "mji mkuu wa muda", na wanavyolitamka hilo "wa muda" utadhani ni cheo. Nikawaeleza habari za Dodoma, kwamba sisi tuliamua mwaka 1973 na samani zikachukua miaka zaidi ya arobaini kufika. Bibi akasema basi sisi ndio wenye subira.

Kuna mtego mmoja wa mjini lazima nikusimulie. Nilishagundua kwamba wakitaka jina la mahali pa kufanyia kazi fulani wanachukua kitenzi wanapachika -ykla. Kufundisha ni mokyti, shule ni mokykla. Kula ni valgyti, kantini ni valgykla. Kuoka ni kepti, mahali pa kuoka mikate ni kepykla. Kukata kwa mkasi ni kirpti, saluni ni kirpykla. Ni kama sisi tunavyochinja machinjioni na kutua kituoni. Nikajiona fundi. Kununua ni pirkti, kwa hiyo duka litakuwa pirkykla, si ndiyo? Nikamwambia bibi kwa kujiamini kabisa kwamba naenda pirkykla. Mtoto alianguka kwenye kochi. Duka ni parduotuvė, na linatokana na kuuza. Yaani hata neno lenyewe liko upande wa mwenye duka.

Sasa njoo mashambani, ndiko nilikoumbuka.

Karatasi ilikuwa na neno "countryside", na kando yake kaimas. Lile lile la kijiji. Nikafurahi, maana hapo Kiswahili cha kwetu Tanga kinakaa vizuri: "shamba" ni pale unapolima, na ni kule kote kusiko mjini. "Yuko wapi fulani?" "Amekwenda shamba." Hujui kama analima au amekwenda kumzika shangazi yake. Mtoto kwa mfano akaandika sentensi, "My grandmother lives in the country," akaitafsiri kwa kujiburudisha: bibi yangu anaishi ndani ya šalis, yaani ndani ya nchi, Jamhuri. Nikamwambia hapana, hapo Kiingereza kinasema kaime. Kaime, Mwalimu, ni kaimas ukiweka mwisho wa mahali, sawasawa na -ni yetu. Miestas, mieste: mji, mjini. Miškas, miške: msitu, msituni. Mwingereza anahitaji neno zima la pembeni kusema jambo hilo. Sisi na wao tunabadili mkia tu. Na laukas ni shamba la wazi, konde, lakini ukisema lauke mara nyingi humaanishi kondeni, unamaanisha nje. Nilipofika mara ya kwanza niliambiwa "lauke šalta", nje baridi, nikafungua kamusi neno kwa neno, nikajiuliza huyu mama ana konde gani hapa ghorofa ya pili.

Nilipojiona nimeshika kaimas vizuri, nikataka kumfurahisha bibi. Alikuwa amepika supu, amenitengea na mkate mweusi, anasimulia utotoni alivyokuwa akichunga bata bukini. Nikatafuta neno la mtu wa kijijini. Mtu wa mjini ni miestietis, kwa hiyo wa kijijini ni kaimietis, na kwa mwanamke kaimietė. Neno liko kwenye kamusi, liko kwenye magazeti. Nikamuuliza kwa heshima zote, nikamtumia ile "jūs" ya wakubwa: "Ar jūs kaimietė?"

Kijiko kilibaki hewani. Mtoto akafumba macho. Bibi akakiweka kijiko juu ya meza taratibu, akanitazama, na mimi nikajua hapa nimekanyaga kitu ila sijui kitu gani. Kisha akacheka, akacheka hadi akajifuta machozi kwa aproni. Nilikuwa nimemwita mshamba, shoga yangu. Bibi wa watu, amenipikia supu, nimemuuliza usoni, "Ati wewe ni mshamba?" Akanifundisha cha kusema: iš kaimo, kutoka kijijini. "Natoka kijijini" ni fahari, "mtu wa kijijini" ni tusi, na katikati ya hayo mawili kuna herufi chache tu. Nikamwambia kwamba kwetu ni hivyo hivyo. Mtu atakuambia kwa raha zote kwamba ana shamba, anakwenda shamba, amekulia shamba. Mwite mshamba uone. Karatasi ya shule haina habari hizo. "Countryside", kaimas, shamba, yamepangwa sambamba kama wanafunzi mstarini asubuhi, na kila mmoja ana ugomvi wake wa nyumbani.

Halafu bibi akanionyesha jambo ambalo huenda nisingeliona peke yangu: jirani ni kaimynas, lina kaimas ndani yake.

Kwa miti wana njia ya mkato ambayo mtu wa pwani ataielewa upesi kuliko mwalimu wa Kiingereza. Mti wa beržas ukiota mwingi pamoja, pale mahali panaitwa beržynas. Mwaloni ni ąžuolas, na bustani kubwa ya mialoni iliyomo humu mjini Kaunas inaitwa Ąžuolynas tu. Nikamwambia mtoto sisi tuna Minazini, tuna Miembeni, tuna Mikanjuni pale Tanga. Akaandika yote, hata yasiyokuwemo kwenye karatasi. "Garden" ndiyo ilimkera. Kwao hakuna "garden". Kuna sodas, ambako kuna miti ya matunda, na kuna daržas, ambako kuna kabichi na karoti, na mtu mwenye akili zake hachanganyi. Shule ya chekechea ndiyo darželis, kidaržas, watoto wamepandwa kama bilinganya. Nikaandika bustani mara mbili. Kwa sodas nikafikiria michungwa ya Muheza, lakini ile tunaiita shamba tena, na shamba nilikuwa nimeshalitumia mahali pawili. Safu yangu ilianza kuonekana ya mtu asiye na msamiati.

Nikajilipiza kwenye mlima. "Mountain", kalnas. "Hill", wameandika kalva, lakini kwa mazungumzo hiyo pia ni kalnas. Mtaa tunaoishi ni Žaliakalnis, mlima wa kijani, na una kigari cha kuvutwa kwa waya kinachoshusha watu mjini tangu 1931. Nikamuuliza mtoto mlima mrefu kuliko yote Lithuania una urefu gani. Aukštojas, akasema kwa fahari, karibu mita 294. Nikaandika safu ya tatu "mlima", nikaweka mabano, nikaandika Kilimanjaro 5,895. Hakunisemesha kwa robo saa.

Ila kitu kilichonishangaza kuliko vyote hakikuwa kwenye karatasi, kilikuwa ukutani. Kalenda. Huku hawana Januari wala Februari. Mwezi huu wa tisa ni rugsėjis: rugiai ni nafaka wanayookea ule mkate mweusi, sėti ni kupanda. Uliopita ni rugpjūtis, kuvuna nafaka hiyo hiyo. Aprili ni balandis, njiwa. Juni imechukua jina la ule mti wa beržas, Julai ni jina la mti mwingine. Novemba ni lapkritis, majani kuanguka. Desemba ni gruodis, bonge la udongo lililoganda. Fikiria karani wa benki mwenye tai, hajawahi kushika jembe, anakuandikia kwamba mkopo ulipwe kabla ya mwisho wa Kupanda. Sisi tuna Mfungo Mosi na Mfungo Pili za wazee, lakini hizo ni za kuhesabia funga. Vuli na masika tunazisema, hatuzitii kwenye risiti.

Na uyoga! Wana kitenzi cha kwenda kuokota uyoga, grybauti, na kingine cha kwenda kuchuma matunda madogo ya porini, uogauti. Watu wa kusini, Dzūkija, ambako ardhi ni mchanga na misonobari, wanataniwa kwamba kama si uyoga na hayo matunda, wasichana wao wangetembea uchi. Nilimtafsiria mtoto "kuokota uyoga" akasema maneno mawili ni mengi.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae niandike leo.

Karatasi ilipofika mwisho, bibi akauliza mbona vienkiemis haimo. Vienas ni moja, kiemas ni ua. Nyumba moja na ua wake, ghala lake, kisima chake, zizi lake, iko peke yake katikati ya mashamba, jirani wa karibu ni mwendo wa kutosha kuvuta tumbaku. Walithuania wengi waliishi hivyo, hasa baada ya mageuzi ya ardhi ya 1922 yalipogawa vijiji na kumpa kila mtu kipande chake. Mtoto akatafuta kwenye simu, ikamtolea maneno ya Kiingereza matatu, hakuna lililomridhisha bibi. Akasema, "Jumamosi twende, mkaone wenyewe." Jana tukaenda, mwanawe akaendesha, saa moja hivi kutoka hapa, upande wa Marijampolė.

Nilitegemea nyumba. Gari likasimama kando ya barabara ya changarawe, mbele yetu konde lililovunwa, mabua mafupi ya ngano hadi macho yanapoishia, tambarare kama mkeka. Katikati mwaloni mmoja, na mbali kidogo mtufaha uliopinda mgongo. Bibi akachukua kapu akaanza kutembea juu ya mabua, sisi nyuma. Alipofika akasimama mahali ambapo mimi sikuona kitu. Akanionyesha kwa mkono: hapa mlango, hapa jiko, pale kisima, kimefukiwa. Palipokuwa na dirisha la chumba cha mama yake palibaki kichaka cha maua ambayo huchanua Mei.

Enzi za Umoja wa Kisovieti ardhi iliingizwa kwenye kolūkis, shamba la pamoja, na miaka ya 1960 na 1970 wakaja wataalamu wa kukausha mashamba kwa mabomba ya chini ya ardhi. Trekta kubwa inataka konde lililonyooka; nyumba za peke yake zilikuwa zinazuia. Watu wakahamishiwa kwenye gyvenvietė, makazi mapya yaliyopangwa mistari. Bibi alikuwa na miaka kumi na tano. Nyumba yao ilikuwa ya magogo, na baba yake aliyatia namba kwa rangi, moja moja, ili aijenge tena kule. Nusu ilijengwa. Nusu nyingine ilikuwa imeoza, ikawa kuni za majira mawili ya baridi. Alisema namba zilikuwa bado zinaonekana ndani ya moto.

Nilimuuliza sasa hapa panaitwaje, maana vienkiemis hakuna tena. Akasema sodybvietė. Sodyba ni makazi ya mtu na vyote vilivyomo, vieta ni mahali: mahali ambapo palikuwa na makazi. Ni neno la kila siku, hata kwenye matangazo ya kuuza ardhi utaliona.

Na hapo, shoga, bila kutafuta, nikasema kwa sauti, "Mahame." Lilikuja lenyewe. Nilimwona bibi yako wa Handeni ameketi kwenye kigoda, anatusimulia Operesheni Vijiji, lori limepakia vitanda na kuku, na alivyokuwa anatupeleka pale mahame wakati wa maembe, anatuonyesha kichaka hiki kilikuwa jiko, kile kilikuwa choo, na sisi tunaona miembe tu. Mahame ni neno kubwa kidogo kuliko la huku, linaweza kumeza kijiji kizima. Lakini nilipomweleza bibi, kwa Kilithuania changu cha kuchechemea, kwamba kwetu watu walitolewa kwenye nyumba zilizotawanyika wakapangwa pamoja, na miti ya matunda ikabaki, alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za mtaa wa pili. "Miti gani?" aliuliza. Nikasema miembe. "Sisi matufaha," akasema, akaanza kuchuma. Yanaitwa antaniniai, machachu kama ndimu, anayapikia keki.

Mtihani mtoto alipata thelathini na tisa. Lililokosewa ni "country", aliandika šalis tena kwa ukaidi, na mimi siwezi kumlaumu kwa sababu si kosa.

Nimekufungia nakala ya karatasi humu. Utaona mstari wa arobaini na moja tumeuongeza wenyewe kwa kalamu nyekundu. Katikati sodybvietė, kulia mahame. Kushoto tumepaacha wazi. Mimi nimejaribu jioni nzima, mtoto naye, na simu yake. Wewe ndiye mwenye diploma ya Kiingereza. Ukipata neno moja, moja tu, niandikie.

Msalimie mama yangu ukipita sokoni, mwambie sweta aliyoninunulia mnadani nimeshaanza kuivaa.

Wako,
yule yule wa dawati la nyuma